Mlaji Usiyemwona Ndiye Anayepanga Bei

Ndugu mkulima, ukipeleka gunia lako la mbaazi kwa mnunuzi, nani anayepanga bei?

Wengi wetu tunajibu upesi: ni mnunuzi. Yeye ndiye mwenye fedha, na yeye ndiye mwenye mizani. Wengine wanasema ni serikali. Wengine wanasema ni bahati tu. Majibu haya yana ukweli kidogo, lakini hayatoshi.

Tufikiri pamoja. Mnunuzi hali mbaazi zote anazonunua. Ananunua ili auze. Yule atakayemwuzia naye atauza kwa mwingine. Mwisho wa safari hiyo yupo mtu anayeweka sufuria motoni na kupika. Mtu huyo tunamwita mlaji. Akizitaka mbaazi, wote waliokaa njiani wanazitaka. Akizikataa, wote wanazikataa. Mnunuzi wa kijijini ni kama mtu aliyetumwa tu. Anayemtuma yuko mbali, na wewe hujapata kumwona.

Katika makala hii tutazungumza habari za mlaji huyo. Tutaona jinsi anavyopandisha na kushusha bei ya mazao yetu ya Mbulu na Hanang. Tutaona pia jinsi anavyogusa ujira wa kibarua ambaye hana hata shamba.

BEI HUANZIA JIKONI

Tuchukue mfano mdogo wa kijijini. Siku ya gulio mama mmoja anapika maandazi. Watu ni wengi na wana fedha. Maandazi yanakwisha kabla ya saa sita mchana. Gulio linalofuata mama yule anaongeza unga. Anamwita binti wa jirani amsaidie kukanda na kukaanga, naye anamlipa ujira.

Baadaye yanakuja majira ya shida. Watu wamekwisha kuuza akiba yao. Wanakuja gulioni kununua chumvi na kibiriti tu. Maandazi yanalala. Mama anapunguza unga, na yule binti anaambiwa abaki nyumbani.

Je, binti yule alifanya kosa kazini? Hapana. Je, mama yule ni mtu mbaya? Hapana. Ujira umekatika kwa sababu mlaji hakununua. Fedha iliyokuwa inamlipa binti ilikuwa inatoka mfukoni mwa watu wa gulioni. Ilipita tu mkononi mwa mama.

Kuna jambo la pili, nalo ni ladha. Wauzaji wawili wa maharage wanakaa pamoja. Mmoja ana maharage ya njano, ambayo watu wengi wanayapenda kwa kuwa yanaiva upesi na hayali kuni nyingi. Mwingine ana maharage ya rangi ambayo watu wa hapo hawakuyazoea. Uzito ni mmoja. Jasho la kulima ni moja. Lakini wateja wanakwenda kwa yule wa kwanza. Yule wa pili anabaki, na jioni anapunguza bei ili asirudi nayo nyumbani.

Basi tukumbuke mambo matatu kuhusu mlaji. La kwanza, anataka kiasi gani? La pili, ana fedha ya kununua? La tatu, anapenda kitu cha namna gani? Bei ya mazao yetu hutegemea sana mambo haya matatu. Tena hutegemea kama kuna wengine wanaompelekea kitu hicho hicho.

MBAAZI ZETU ZINAKWENDA WAPI?

Katika wilaya za Hanang na Babati, na katika sehemu za joto za Mbulu, wakulima wengi hupanda mbaazi pamoja na mahindi. Mahindi huvunwa kwanza. Mbaazi hubaki shambani, nazo huvunwa hasa kuanzia mwezi wa Agosti. Katika nyumba nyingi mahindi ni chakula, na mbaazi ni fedha. Mbaazi ndiyo sare za shule. Mbaazi ndiyo mabati na dawa za mifugo.

Lakini tujiulize: sisi wenyewe tunakula mbaazi kiasi gani? Mboga ya kila siku katika nyumba nyingi za kwetu ni maharage. Mbaazi kavu tunazifunga katika magunia na kuziuza. Sehemu kubwa ya mbaazi hizo huvuka bahari na kwenda India.

India ndiyo nchi inayolima mbaazi nyingi kuliko zote duniani. Tena ndiyo inayokula nyingi kuliko zote. Watu wake ni zaidi ya milioni elfu moja. Wengi miongoni mwao hawali nyama kwa sababu ya dini au desturi. Kwao mbaazi na jamii nyingine za kunde ndizo zinazojenga mwili. Hawazipiki nzima kama tunavyopika maharage. Huziondoa maganda na kuzipasua vipande viwili. Halafu huzipika mpaka ziwe mchuzi mzito wa rangi ya njano, ambao huliwa kwa wali au chapati.

Kwa sababu hiyo mlaji wa India ana ladha yake. Anapenda mbaazi kubwa, nyeupe, ambazo maganda yake hutoka kwa urahisi. Hapendi mbaazi ndogo, zenye madoa, zilizotobolewa na wadudu au kuchanganyika na mawe.

Watafiti wa kilimo wa Selian, Arusha, waliijua ladha hiyo. Wakishirikiana na ICRISAT, shirika la kimataifa la utafiti wa mazao ya nchi kame, walitafuta mbegu inayostahimili ugonjwa wa mnyauko. Lakini hawakuishia hapo. Walitaka pia punje iwe kubwa na nyeupe. Mapema katika miaka ya 2000 wakatoa mbegu kama ile iitwayo Mali. Wakulima wengi wa Babati wanaijua. Hivyo mlaji wa ng'ambo anafika hata katika mbegu unayoshika mkononi.

Kuna jambo jingine lililotusaidia. Wakulima wa India huvuna mbaazi zao nyingi kuanzia mwezi wa Desemba na kuendelea. Sisi tunavuna Agosti na Septemba. Mbaazi zetu hufika kwao wakati maghala yao yamepungua. Tunaingia mlangoni wakati mwenye nyumba ana njaa. Hapo ndipo bei nzuri inapotoka.

YALIYOTOKEA MWAKA 2017

Mwaka 2014 na mwaka 2015 mvua hazikuwa nzuri huko India. Mavuno ya mbaazi yakapungua, lakini walaji walikuwa wale wale. Bei katika maduka ya India ikapanda sana mwaka 2015. Wananchi wa huko wakalalamika. Wanunuzi wakaja kwetu kwa wingi. Bei ya mbaazi nchini Tanzania ikafika shilingi 2,000 kwa kilo, na wakati mwingine ikazidi hapo.

Wakulima wakafurahi. Walioacha mbaazi wakazirudia. Waliokuwa na ekari moja wakapanda tatu. Kila mtu alitazama bei ya jana na kupanda kwa ajili ya kesho.

Wakulima wa India nao walifanya vivyo hivyo. Waliona bei nzuri, na serikali yao iliwahimiza. Wakapanda mbaazi nyingi. Mvua ya mwaka 2016 ikawasaidia. Mavuno yao ambayo yalikuwa kiasi cha tani milioni 2.6 yakapanda karibu mara mbili, yakafika kiasi cha tani milioni 4.9. Maghala yao yakajaa na bei yao ikaanguka. Sasa waliolalamika hawakuwa walaji tena. Walikuwa wakulima wa India wenyewe.

Serikali ya India ikawalinda wakulima wake. Mwezi wa Agosti mwaka 2017 ilitangaza kwamba mbaazi zinazotoka nchi za nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Tangazo hilo lilitoka wakati sisi tuko shambani tunavuna.

Ndugu msomaji, wengi wetu tunakumbuka msimu ule. Bei ilishuka kutoka shilingi 2,000 na zaidi kwa kilo hadi shilingi mia chache tu. Wanunuzi wengine hawakuja kabisa. Watu waliweka magunia ndani wakisubiri bei ipande. Kungoja hakukuwasaidia sana, maana kizuizi kile hakikuondoka upesi. India iliacha mbaazi ziingie bila kipimo mwezi wa Mei mwaka 2021. Baadaye mavuno yao yalipopungua tena, bei ya kwetu ilipanda tena, hasa mwaka 2023 na mwaka 2024.

Tuangalie jambo hili vizuri. Mwaka 2017 mbaazi zetu hazikuwa mbaya kuliko za mwaka 2015. Mvua yetu haikuwa na kosa. Jembe letu lilikuwa lile lile. Hata mlaji wa India hakuacha kula mbaazi. Alizipata karibu na nyumbani kwake, na serikali yake ikafunga mlango. Sisi tulikuwa na mteja mmoja mkubwa, na mteja huyo alipogeuka hatukuwa na mwingine wa kumkimbilia. Wahenga walisema: Mtegemea cha ndugu hufa maskini.

UJIRA WA KIBARUA UNAHUSIKAJE?

Pengine utasema: "Mimi sina mbaazi. Mimi napalilia na kupiga mbaazi za watu. Habari za India hazinihusu." La, ndugu yangu, zinakuhusu sana. Tupige hesabu ya mfano.

Tuseme mkulima ana ekari 2, naye amevuna magunia 8 ya kilo 100. Hizo ni kilo 800. Tuseme vibarua wa kupalilia, kukata na kupiga mbaazi wamemgharimu shilingi 200,000.

Bei ikiwa shilingi 2,000 kwa kilo:
Kilo 800 mara shilingi 2,000 ni shilingi 1,600,000.
Toa ujira wa vibarua, shilingi 200,000.
Zinabaki shilingi 1,400,000.

Bei ikiwa shilingi 300 kwa kilo:
Kilo 800 mara shilingi 300 ni shilingi 240,000.
Toa ujira wa vibarua, shilingi 200,000.
Zinabaki shilingi 40,000.

Mkulima huyu atafanya nini mwaka unaofuata? Hataweza kuita vibarua wengi. Atapalilia na watoto wake. Au ataacha magugu yaote. Au ataita vibarua na kuwaambia: "Nitawalipa nikiuza." Kibarua mwenye njaa atakubali, kwa sababu wenzake wengi nao wanatafuta kazi. Hivyo ujira unashuka, au unachelewa, au unakosekana kabisa. Msukosuko ulioanzia ng'ambo ya bahari unafika katika sufuria ya mtu asiye na shina hata moja la mbaazi.

Bei ikipanda mambo yanageuka. Kila mkulima anataka vibarua wiki moja. Kibarua anaweza kusema: "Kwa fulani wananilipa zaidi." Ujira unapanda. Fundi cherehani anapata sare za kushona. Mwenye duka anauza sukari. Mwenye bodaboda anapata abiria. Fedha ya mlaji mmoja inapita mikono mingi.

KITUNGUU SAUMU CHA MBULU

Sasa tuondoke kwenye mbaazi na tupande milimani. Mbulu inajulikana kwa vitunguu saumu. Hapa mlaji si wa ng'ambo tu. Wapo walaji wa Arusha, Dar es Salaam na miji mingine.

Katika masoko ya miji hiyo kitunguu saumu cha Mbulu kinakutana na mgeni. Mgeni huyo ni kitunguu saumu cha China. China hulima karibu robo tatu ya vitunguu saumu vyote duniani. Cha kwao ni kikubwa na cheupe, na vidole vyake ni vinene. Mpishi anakimenya upesi. Cha kwetu mara nyingi ni kidogo na vidole vyake ni vyembamba. Lakini kina harufu kali, na kidogo tu kinatosha kuunga mchuzi.

Hapa unaona walaji wa namna mbili. Mmoja ana haraka. Ni mpishi wa hoteli, au mama aliyerudi kutoka kazini jioni. Anataka kitunguu kikubwa amenye mara moja. Mwingine anatafuta harufu na ladha, naye husema: "Nipe cha Mbulu." Mkulima anayewajua walaji hawa wawili hawezi kuchanganya vitunguu vyake vyote katika gunia moja. Atatenga vikubwa, atatenga vidogo, na kila kimoja atakipeleka kwa mwenye kukipenda. Wahenga walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tukumbuke pia mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini. Watu wengi walinunua tangawizi, malimau na vitunguu saumu. Walitaka kujifukiza na kunywa, ingawa haikuwa imethibitishwa kwamba vitu hivyo vinaponya ugonjwa huo. Bei zikapanda katika masoko mengi. Kitunguu chenyewe hakikubadilika. Udongo wa Mbulu haukubadilika. Kilichobadilika ni hamu ya mlaji. Hofu ilipopungua, hamu hiyo nayo ilipungua. Mtu aliyepanda shamba zima kwa kutegemea hofu ya watu alikuwa amejenga juu ya mchanga.

MKATE WA MJINI NA ARDHI YA HANANG

Hamu ya mlaji inaweza kubadilisha hata ardhi. Wazee wa Hanang wanajua habari hii.

Baada ya Uhuru miji yetu ilikua. Watu wa mjini walizoea mkate na chapati. Nchi haikuwa na ngano ya kutosha, na kununua ngano nje kulitaka fedha za kigeni. Kwa hiyo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, serikali ilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika uwanda wa Basotu, kwa msaada wa nchi ya Kanada. Shirika la NAFCO ndilo lililoyasimamia. Mashamba yalifika 7, na kila moja lilikuwa na kiasi cha ekari 10,000.

Ngano ilipatikana, na watu wa mjini walipata mkate. Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya Wabarabaig. Ng'ombe wao walihama na msimu, wakitafuta majani na maji. Mashamba yalichukua malisho mazuri na kuziba njia za mifugo. Wananchi wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki, lakini katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani iliiondoa hukumu hiyo.

Je, ujira ulikuwaje? Ngano ile ililimwa kwa matrekta na kuvunwa kwa mashine kubwa. Mashine moja hufanya kazi ya watu wengi. Kwa hiyo wenyeji walioajiriwa walikuwa wachache wakilinganishwa na ukubwa wa mashamba. Hamu ya mkate ilikuwa kubwa, lakini fedha iliyobaki Hanang haikuwa kubwa kama hamu yenyewe. Baadaye serikali iliacha kuyaendesha mashamba hayo. Baadhi yalirudishwa kwa vijiji, na mengine wakapewa wawekezaji.

Leo Watanzania wanakula ngano nyingi kuliko zamani. Hata hivyo sehemu kubwa hutoka nchi za nje, kama Urusi. Kwa nini, wakati Hanang inaota ngano? Sababu moja ni mlaji tena. Anayeoka mkate anataka unga unaovutika na kuumuka vizuri kila siku, bila kubadilika. Basi mwenye kinu anataka ngano ya aina moja, kavu, safi, na nyingi kwa pamoja. Meli moja inamletea yote hayo. Wakulima 100 waliopanda mbegu za aina 10, kila mmoja akiwa na magunia machache, hawawezi kushindana na meli hiyo. Lakini wakulima 100 waliopanda mbegu moja na kuuza pamoja wanaweza kuzungumza na mwenye kinu.

Habari hii inatufundisha jambo la kuuliza. Watu wakisema, "Zao hili lina soko kubwa," usiulize bei peke yake. Uliza pia: fedha ya mlaji itapita mikononi mwa nani? Na sisi tutabaki na nini?

TUFANYE NINI?

Mlaji hatuwezi kumlazimisha. Lakini tunaweza kumjua, na tunaweza kujipanga. Mimi ni bwana shamba, nami nawashauri wakulima mambo haya sita.

1. Uliza kabla ya kupanda. Usipande kwa sababu mwaka jana jirani aliuza vizuri. Uliza: nani atakula zao hili? Anapenda aina gani? Analitaka mwezi gani? Je, wengine wangapi wanalipanda mwaka huu? Tumia simu yako kuuliza bei na hali ya masoko ya miji mbalimbali. Muulize bwana shamba au bibi shamba wa kata yako.

2. Usimtegemee mlaji mmoja. Ikiwa mbaazi zinategemea ng'ambo, panda pia zao linaloliwa hapa nchini, kama mahindi, maharage au alizeti. Mwaka ambao mlango mmoja umefungwa, mwingine utakuwa wazi.

3. Mpe mlaji anachokipenda. Panda mbegu bora ya aina moja. Kausha vizuri. Pepeta. Ondoa mawe na punje zilizotobolewa. Kwa vitunguu saumu, chagua vidole vikubwa na vyenye afya kuwa mbegu, maana kidole kikubwa huzaa kitunguu kikubwa. Usile vikubwa vyote na kupanda vidogo. Kisha panga mavuno kwa madaraja.

4. Uzeni pamoja. Katika miaka ya karibuni serikali imeingiza mbaazi katika utaratibu wa stakabadhi ghalani na mnada. Wakulima hupeleka mbaazi kupitia ushirika, na wanunuzi hushindana kutaja bei. Faida yake ni kwamba mnunuzi mmoja hawezi kukudanganya peke yako nyumbani kwako. Lakini tusidanganyane: mnada hauwezi kumfanya mlaji awe na njaa. Bei ya dunia ikishuka, bei ya mnada nayo itashuka. Mnada unasaidia ili sehemu inayokufikia iwe ya haki. Kwa hiyo hudhuria mikutano ya ushirika. Uliza makato ni ya nini na yanakwenda wapi. Soma stakabadhi yako mwenyewe kabla ya kuikunja. Kujua kusoma ni ngao.

5. Tule tunacholima. Huko Pwani mbaazi hupikwa kwa tui la nazi, na watu huzila asubuhi pamoja na maandazi. Ni chakula kizuri cha kujenga mwili. Sisi hatuna nazi, lakini mbaazi zinapikwa hata kwa mafuta ya alizeti na vitunguu. Zinafaa pia katika makande. Loweka usiku, zitaiva upesi. Tukizila nyumbani na shuleni, tutakuwa na mlaji wa pili aliye karibu. Yeye peke yake hatamaliza mavuno yote. Lakini gunia lililokosa mnunuzi halitakuwa hasara tupu, na watoto watashiba.

6. Patana na kibarua mapema. Mwenye shamba na kibarua wakubaliane ujira kabla ya kazi kuanza. Waandike katika daftari: kazi gani, siku ngapi, shilingi ngapi, na siku ya kulipa. Wote wawili waweke sahihi. Bei ikishuka baadaye, kibarua asinyimwe jasho lake. Yeye hakupanga kupanda mbaazi. Naye kibarua asikae na kazi ya zao moja tu mwaka mzima.

Ndugu wakulima, kulima kwa bidii ni lazima. Asiyelima hana cha kuuza. Lakini bidii ya shambani peke yake haijazi mfuko. Mwaka 2017 watu walilima kwa bidii, na bado walikaa juu ya magunia yao. Ukiwa umeinama shambani unapanda, mfikirie yule mtu wa mbali anayefunika sufuria yake. Yeye hajui jina lako. Wewe jitahidi kujua anapika nini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Tajeni mazao matatu yanayouzwa kijijini kwenu. Je, kila moja linaliwa na nani, na wapi?

2. Kwa nini bei ya mbaazi ilishuka mwaka 2017, ingawa mbaazi zilikuwa nzuri?

3. Bei ya zao ikishuka, nani wengine wanaumia kijijini kwenu mbali na mwenye shamba?

4. Kijiji chenu kinaweza kupanda mbegu ya aina moja na kuuza pamoja? Ni matatizo gani yatatokea, na mtayatatua namna gani?

5. Piga hesabu: Mkulima ana kilo 500 za mbaazi. Bei ni shilingi 900 kwa kilo. Vibarua wamemgharimu shilingi 150,000. Atabaki na shilingi ngapi?